Baiskeli Zipande Wapi?

Mwaka 1947 kampuni ya Airstream ya Marekani ilimpandisha Mfaransa Alfred Letourneur kwenye baiskeli, ikamfungia trela nyuma, kisha ikampiga picha. Letourneur hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Mwaka 1941, karibu na mji wa Bakersfield huko California, alikuwa ameendesha baiskeli kwa mwendo wa kilomita 175 kwa saa, gari likimtangulia kumkinga na upepo. Hata hivyo, picha ile haikupigwa ili kusifu mapaja yake. Ilikusudiwa kuonyesha kwamba nyumba ile ya alumini ni nyepesi kiasi cha kuvutwa na mtu anayekanyaga pedali. Watu wakaipenda, na kivuli cha mwendesha baiskeli na trela yake kikageuka nembo ya kampuni.

Siku hizi kazi imegeuzwa: baiskeli ndiyo inayotafutiwa pa kupandishwa. Familia ina gari, ina trela ndogo ya kulala, ina baiskeli mbili au tatu, nayo inataka vyote vifike kambini salama. Ukiwauliza wauzaji wa vifaa watakuonyesha keria za kila namna. Lakini aina ya keria si swali la kwanza. La kwanza ni uzito huo utakaa umbali gani kutoka kwenye ekseli ya trela, na ni upande gani.

Trela zinazozungumziwa hapa ni zile ndogo hasa. Marekani zipo zenye umbo la tone la maji, zilizoanza kujengwa miaka ya 1930: ndani mna kitanda na nafasi ya kugeuka tu, jiko liko nyuma chini ya kifuniko kinachofunguka kwenda juu. Ulaya ziko karavani nyepesi ambazo hata gari la kawaida la familia linaziweza. Ujerumani, mwenye leseni ya kawaida ya daraja B anaruhusiwa kuvuta trela yenye uzito wa juu ulioidhinishwa usiozidi kilo 750 bila mtihani mwingine. Wenye trela hizi mara nyingi ndio hao hao wapenda baiskeli. Trela ikishaegeshwa, hakuna anayetaka kuifungua na kuifunga tena kwa ajili ya kwenda kununua mkate.

Tatizo linaanza na mahali. Nyuma ya gari ndiko baiskeli zinakokaa vizuri zaidi: chini, rahisi kupandisha, zimekingwa na upepo wa mbele. Sasa nafasi hiyo imechukuliwa na trela. Ulaya keria nyingi nzuri hubanwa juu ya tufe la chuma la kuvutia trela, na tufe ni moja. Wamarekani wana bomba la mraba chini ya bampa, mara nyingi lenye uwazi wa sentimita 5, linaloingizwa ama mkono wa keria ama mkono wa tufe. Nalo ni moja. Hapo ndipo wengi hugeuka, wakaona ukuta mpana wa nyuma ya trela ukiwatazama, wakasema: si tuzitundike pale?

Pale ndipo pabaya kuliko pote.

Aliyewahi kumwona muuza nyama akitumia mizani ya mkono hahitaji darasa la fizikia kuelewa sababu. Trela ya ekseli moja ni mizani iliyolala: ekseli ni mahali pa kuning'inizia, mbele kuna tufe, nyuma kuna mkia. Kilo moja ikisogezwa mbali na ekseli inakuwa na nguvu ya kilo kadhaa. Ili trela ifuate gari kwa utulivu, upande wa mbele lazima uelemee tufe kidogo. Waingereza hupendekeza uzito wa tufe uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa karavani, Wamarekani hutaka 10 hadi 15. Ukipungua mno, mkia huanza kuongoza kichwa. Trela hupepesuka kushoto na kulia, kila mpepesuko ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka gari lenyewe linavutwa nje ya njia yake.

Tuchukue trela ya kilo 600 iliyopakiwa, ambayo toka tufe hadi ekseli ni mita 2.8 na uzito wake wa tufe ni kilo 45. Hiyo ni asilimia 7.5, juu kidogo tu ya kiwango cha Waingereza. Tundika nyuma, mita 1.9 kutoka kwenye ekseli, baiskeli mbili za kilo 15 kila moja na keria ya kilo 10. Kilo hizo 40 zinanyanyua mbele kwa kilo 27. Tufe linabaki na kilo 18, chini ya asilimia 3 ya uzito mpya wa trela. Mwenye gari hatahisi chochote akitoka nyumbani, kwa sababu mjini hakuna mwendo wa kumwonyesha. Atahisi kwenye mteremko, lori likimpita na kumsukuma kwa upepo wake.

Sasa badili baiskeli hizo kwa za umeme. Baiskeli ya umeme ya kilo 25 si nzito kwa aina yake, na keria ya kuzibeba huwa imara zaidi, tuseme kilo 15. Jumla kilo 65. Zikitundikwa palepale nyuma, tufe linabaki na kilo moja.

Kilo moja! Mtoto akiegemea nyuma, trela inanyanyua pua.

Hesabu hii ndiyo inayofanya trela ndogo kuwa ngumu kuliko kubwa, kinyume na wengi wanavyodhani. Karavani ya tani moja na nusu ikiongezewa kilo 40 ni kama tembo kutuliwa na ndege mgongoni. Trela ya kilo 600 ikiongezewa hizo hizo, imeongezewa karibu asilimia 7 ya uzito wake, tena kwenye ncha. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya gari na trela kwenye mwendo mkubwa. Mambo waliyoyaona yana athari ya moja kwa moja kwa utulivu ni mahali ekseli ilipo, uzito unaokaa kwenye tufe, na jinsi mzigo ulivyotawanyika toka katikati ya trela kwenda kwenye ncha zake. Trela iliyobeba vizito kwenye ncha zote mbili inaweza kuwa na uzito mzuri wa tufe, lakini ikishaanza kuyumba haikubali kutulia upesi.

Kwa hiyo dawa ya kujaza matangi ya maji mbele ili kusawazisha baiskeli zilizo nyuma ni nusu ya dawa. Inarekebisha mizani, inaacha ukaidi wa kuyumba ukiwa mkubwa zaidi.

Nyuma kuna tatizo jingine lisilohusu mizani: chuma chenyewe. Mkia wa trela hurukaruka kwenye mashimo na matuta kuliko nyuma ya gari, maana uko mbali na magurudumu na hauna mtu wa kulalamika. Keria iliyofungwa huko hupigwa mitikisiko ambayo ile ya gari haiijui. Ndiyo maana miongozo ya keria nyingi hukataza waziwazi kufungwa kwenye trela, na kampuni kama Swagman ya Kanada huuza aina maalumu zilizoidhinishwa kwa kazi hiyo. Kwenye trela nyingi za Marekani, lile bampa la mraba la sentimita 10 linaloonekana kama nguzo ni bati jembamba lililochomelewa. Ndani yake watu huhifadhi bomba la maji machafu, na kwa kazi hiyo linatosha. Lifungie keria ya baiskeli mbili za umeme uone jinsi maungio yanavyoanza kupasuka. Na kwa trela za umbo la tone kuna kichekesho: jiko liko nyuma, kwa hiyo baiskeli zikifungwa huko hakuna chai njiani mpaka zote zishushwe.

Basi zipelekwe mbele, kwenye ule mkono wa chuma wa pembetatu unaounganisha trela na gari. Ulaya hii ndiyo njia iliyozoeleka: Fiamma ya Italia na Thule ya Sweden zote hutengeneza keria za kukaa juu ya mkono huo, na Marekani Lippert inayo yake inayofungwa kwenye jeki ya mbele. Tukirudi kwenye trela yetu ya kilo 600, keria ikikaa sentimita 70 nyuma ya tufe, baiskeli mbili za kawaida zinaongeza kilo 30. Tufe sasa linabeba 75.

Namba hiyo isomwe mara mbili. Kilo 75 ndicho kikomo kilichogongwa kwenye kibati cha vifaa vya kuvutia vya magari mengi ya kawaida ya Ulaya. Trela yetu imefika ukingoni na bado hakuna aliyeweka hata mtungi wa gesi wa akiba kwenye sanduku la mbele. Zile mbili za umeme zingefikisha kilo 94, na hapo mwenye gari amevunja sheria na ameuzidishia mzigo mhimili wa nyuma wa gari lake. Mwenye trela wa kweli, kabla ya kununua keria, anapiga magoti.

Anapiga magoti kwa sababu kipimo hiki hufanywa chini. Trela imesimama mahali sawa, magurudumu yamewekewa vigingi, mizigo yote imo ndani kama ya safari. Chini ya kichwa cha kuunganishia, usawa wa tufe, kunawekwa mizani ya kupimia uzito wa mwili, juu yake kipande cha ubao, na juu ya ubao gongo lililokatwa kwa urefu wa kufika kwenye kichwa hicho. Gurudumu dogo la mbele linapandishwa polepole hadi mzigo wote ukae juu ya gongo. Mshale unatikisika, unatulia. Mizani ileile iliyomkera mtu asubuhi bafuni sasa inampa namba inayoweza kuokoa likizo. Kisha baiskeli zinapandishwa, zinapimwa tena. Kazi yote haifiki nusu saa, na inashangaza ni wangapi hununua keria ya bei ghali bila kuifanya.

Mbele kuna jambo jingine la kujaribiwa, nalo ni kona. Gari likikata usukani hadi mwisho, pembe ya nyuma ya gari huisogelea trela. Usukani wa baiskeli au pedali ikichomoza mbele, kioo cha nyuma ndicho hulipa. Jaribio hufanywa kwenye uwanja mtupu, dereva akirudi nyuma kwa mwendo wa konokono, mwenzake akitembea pembeni na kiganja kati ya pedali na buti. Vidole vinne vikipita pande zote mbili, wanaweza kuondoka. Ulaya kuna la ziada: karavani nyingi zina kiungo cha AL-KO kinacholibana tufe kwa msuguano ili kupunguza kuyumba. Mpini wake mrefu unahitaji nafasi ya kufunguka, na baiskeli zilizowekwa karibu mno huuzuia. Buti la gari nalo halifunguki tena kikamilifu, kwa hiyo sandwichi zikae na abiria.

Juu ya gari? Hapa fizikia ya trela inapumzika, maana baiskeli hazigusi mizani yake kabisa. Uzito unaoruhusiwa juu ya magari mengi ni karibu kilo 75 pamoja na vyuma vya keria, kwa hiyo baiskeli mbili au tatu za kawaida zinapita bila shida. Za umeme ni hadithi nyingine. Kutoa betri kunapunguza kilo 3 hivi, lakini kuinyanyua iliyobaki juu ya mabega na kuilenga kwenye reli yake nyembamba ni kazi ya watu wawili wanaopendana. Halafu kuna mafuta. Utafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba keria za juu ya magari, zilizopakiwa na tupu, zilikula karibu asilimia 0.08 ya mafuta yote ya magari madogo ya Marekani mwaka 2015. Sehemu ya hasara hiyo inatokana na watu wanaoziacha zimefungwa mwaka mzima kwa uvivu.

Hasara kubwa zaidi ya juu ni kusahau. Gari la mita 1.5 lenye baiskeli zilizosimama hufikia mita 2.6, ilhali trela ya umbo la tone inayofuata nyuma ni fupi zaidi. Dereva aliyezoea kuwazia trela huangalia nyuma na pembeni, haangalii juu. Maegesho ya ghorofa, kituo cha mafuta chenye paa la chini, tawi la mti kwenye lango la kambi: vyote vimekwisha kuvunja fremu nyingi.

Wamarekani, kwa tabia yao ya kuongeza chuma pale nafasi inapokwisha, wana dawa yao: kipande kinachoingia kwenye bomba la mraba na kutoa matundu mawili, moja la keria, jingine la tufe. Kinavutia mpaka mtu asome masharti. Kiungo cha daraja la pili kinabeba takriban kilo 159 za uzito wa tufe. Virefusho vya namna hii husogeza mzigo nyuma, nguvu ya wenzo inaongezeka, na watengenezaji huagiza uwezo upunguzwe, mara nyingi kwa nusu. Zinabaki kilo 79. Trela ya kilo 600 kwa kanuni ya Kimarekani ya asilimia 10 inataka 60, na 19 zilizobaki hazitoshi hata keria na baiskeli moja. Kinachofanya kazi hapo ni gari kubwa lenye kiungo kizito, ambalo mara nyingi ni pikapu. Na mwenye pikapu angeweza kuzilaza baiskeli kwenye bodi yake tangu mwanzo, akaokoa pesa.

Wengine hufunga tundu la pili mbele ya gari. Mizani inaheshimiwa, lakini baiskeli zinakaa mbele ya taa na rejeta, na dereva anaitazama dunia kupitia spoku.

Njia inayochekwa zaidi ndiyo ambayo fizikia inaipenda zaidi: baiskeli ziingie ndani. Zikilazwa juu ya blanketi kuukuu kwenye sakafu ya trela, karibu na ekseli, uzito wa tufe karibu haubadiliki, na baiskeli zinachangia ukaidi wa kuyumba kidogo sana kuliko zikiwa nyuma mita 1.9. Hazinyeshewi, haziibwi kirahisi kituoni, hazili upepo. Bei yake ni grisi kwenye godoro na dakika 10 za kung'oa magurudumu ya mbele na kugeuza usukani. Kwenye trela ya tone yenye kitanda tu, hili linahitaji subira na turubai. Aliye na gari lenye viti vya nyuma vinavyokunjika anaweza kuziweka humo, mradi watoto wamebaki kwa bibi. Na ziko baiskeli zilizozaliwa kwa ajili ya shida hii, kama Brompton ya London, inayokunjwa hadi ukubwa wa sanduku na kukaa chini ya meza. Si ya njia za milimani, lakini mkate itauleta.

Trela zenye keria juu ya paa la trela yenyewe zinastahili kufikiriwa kuliko zinavyofikiriwa. Baiskeli zikikaa juu ya ekseli, mizani ya mbele na nyuma haiguswi. Kinachopanda ni kitovu cha uzito, na kwenye trela nyembamba hilo linamtaka dereva apunguze mwendo kwenye kona. Paa lazima liwe limejengwa kwa kazi hiyo. Mbao nyembamba zilizofunikwa alumini hazikuwekwa pale kubeba kilo 50 zinazotikisika.

Kuhusu kufunga, Waswahili wana utaalamu wa siku nyingi. Mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu imebeba kreti za soda na magunia ya mkaa kwenye keria za baiskeli kuliko kamba yoyote ya dukani. Kwa kuzuia gurudumu lisizunguke na upepo bado haina mshindani. Ila isiachiwe kazi ya kushikilia baiskeli nzima kwenye barabara kuu: mpira unavutika, na kila mvutiko ni nafasi ya fremu kugonga fremu. Mkanda usiovutika ndio wa mzigo, mpira ni wa makelele. Fremu za kaboni zishikwe kwenye magurudumu, maana kibano kilichokazwa kwenye bomba lake kinaweza kulipasua bila ufa kuonekana nje. Turubai la kufunika baiskeli zikiwa nje ni tanga. Kwenye jahazi ni jambo jema.

Sheria nazo hazifanani. Ujerumani gari lenye trela linakwenda kilomita 80 kwa saa, na 100 tu kwenye barabara kuu kwa aliyepata kibali chake. California kikomo ni maili 55 kwa saa, karibu kilomita 89. Uingereza ni maili 60 kwenye barabara kuu. Vikomo hivyo vinauma zaidi kwa aliyebeba baiskeli, kwa sababu kuyumba huongezeka na mwendo. Taa na namba ya trela zikifichwa na matairi ya baiskeli, lazima ziwekwe nyingine nje ya mzigo. Italia na Uhispania hudai mzigo uliochomoza nyuma uwekewe kibao cha mraba cha sentimita 50 chenye mistari myekundu na myeupe inayoakisi mwanga. Familia inayotoka Munich kwenda Ziwa Garda, Italia, huweza kuvuka Austria bila kibao hicho, kisha ikadaiwa na askari wa kwanza upande wa pili wa mpaka wa Brenner. Baiskeli zilizo kwenye mkono wa mbele, juu ya gari au ndani hazina haja nacho.

Ukilazimika kuchagua, kwa watu wawili wenye baiskeli za kawaida na tufe lenye nafasi, mkono wa mbele unashinda. Kwa tufe lisilo na nafasi, juu ya gari. Kwa baiskeli za umeme, ndani, hata kama godoro litanung'unika. Nyuma ya trela pabaki kwa aliyepima, akapima tena, na ambaye trela yake imejengwa na kiwanda kwa kazi hiyo.

Na huyo naye, akifika kambini, ana mfuatano mmoja asiopaswa kuugeuza. Asifungue kiungo kwanza. Gari ndilo linaloshikilia pua ya trela chini wakati huu. Likiondolewa, baiskeli zikiwa bado zinaning'inia mkiani, inatosha mtu mmoja aingie kutafuta viatu upande wa nyuma ili mkono wa mbele upae na vyungu vianguke kabatini. Baiskeli zishuke, miguu ya kuegemea ya nyuma iteremshwe, ndipo tufe liachiwe.